Kovu la Upande wa Kuume

"Simama! We papa, simama! Umekalia bazin ya batu!"

Sauti ya Asma ilipita juu ya kelele zote za soko kuu la Butembo. Mvua ya asubuhi ilikuwa imeacha tope jekundu kwenye vichochoro, wasukuma chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, walikuwa wakipiga mayowe wapishwe njia, na mwanamume asiyemjua alikuwa amejitupa juu ya rundo la vitambaa vya bazin vya rangi ya waridi ambavyo ndiyo kwanza vimetoka kwenye nailoni. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na viatu vya ngozi vilivyojaa tope. Hakusimama. Aliinua mkono mmoja kama mwanafunzi anayeomba ruhusa, akivuta hewa kwa shida.

"Kidogo... kidogo tu..."

"Kidogo ya nani? Suruali yako iko matope! Nani atanunua kitu umeshakalia?"

"Mi... nitanunua."

"Weye? Bazin ya rose na maua ya dhahabu? Utaivalia wapi?"

"Nitatafuta mwenye kuivaa," yule mtu akasema, na akajaribu kutabasamu.

Asma alikuwa na jibu baya zaidi mdomoni, lakini akaona midomo yake. Ilikuwa na rangi ya bilinganya. Akanuna, akamtolea chupa yake mwenyewe ya maji, akasimama mbele yake mikono kiunoni mpaka pumzi ikamrudia. Alikuwa amevaa kitenge cha buluu chenye ndege wa njano na mtandio uliofungwa kwa haraka, na yule mwanamume, hata katika ile hali, aliona kwamba hajawahi kununiwa na mtu mzuri namna hiyo.

Jina lake Jumaine. Aliuza vipuri vya malori katika soko la Matonge, Beni, na alikuja Butembo kutafuta bidhaa kwa wauzaji wa jumla. Mlima wa soko ndio uliomshinda. Bazin aliinunua kweli, na pamoja nayo akaondoka na namba ya simu ya Asma, aliyompa kwa sauti ya kugomba, "juu ya facture tu," yaani ankara.

Simu zikaanza. Asma alikuwa mwepesi wa hasira, soko zima lilijua hivyo, na Jumaine akagundua kwamba anapenda kuchokoza.

"Uko wapi, chérie?"

"Niko sokoni, nauzisha. Weye?"

"Niko Ruwenzori."

"Kwenye barafu?"

"Kwenye commune, roho yangu. Kwetu nyumbani, Beni. Barafu ni weye, tangu jana haunipigie."

"Nitakupiga kweli siku moja, na haitakuwa simu!"

Alipokuja Butembo tena, walikaa kwenye mkahawa wa kona, sambusa mbele yao, na akamwambia ukweli wa ile pumzi. Utotoni alikuwa akiugua koo mara kwa mara, viungo vikavimba, nyumbani wakampa vidonge vya maumivu wakadhani yamekwisha. Kumbe ugonjwa ulikuwa umehamia moyoni. Mlango mmoja wa moyo, ule ambao madaktari wanauita valve ya mitrale, ulikuwa umekakamaa na haufunguki vizuri tena.

"Sawa soupape ya lori yenye imekwama," alisema. "Damu inarudi kwenye mapafu. Njo maana napanda kilima nakuwa muzee."

"Na banaibadilishaka?"

"Banaibadilishaka. Kampala. Kuko timu ya madaktari wa inje wanakuya kupasua bure. Jina yangu iko."

Asma aliiweka sambusa chini. "Mais unaweza kufa."

"Hata hapa naweza kufa. Mbele ya sambusa yako."

"Usicheke! Nakuambia usicheke na kile kitu!" Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na alikuwa na hasira na hayo machozi pia.

Tangu siku hiyo alilichukua jambo lile kama vita vyake. Alimlazimisha kaka yake mkubwa, Issaka, aliyeilea familia tangu baba yao afariki, akubali posa ya mgonjwa. Issaka alikuwa msafirishaji mwenye malori mawili aina ya Fuso, mtu wa mikono mizito na maneno machache. Mwishowe alikubali, na alipokubali alikubali kwa moyo wote: Ijumaa alisimama msikitini akaomba dua mbele ya watu wote, "kwa shemeji yangu mwenye wanaenda kumufungua kifua." Wazee wakalia. Wanawake wakaja kwa Asma wakimshika mabega kama mtu aliyekwisha kufiwa. Asma akafunga saumu kila siku tangu Jumaine alipovuka mpaka wa Kasindi.

Usiku wa kuamkia upasuaji alipata ujumbe: *Nakupenda. Niombee.* Kisha simu ya Jumaine ikazimwa.

Ilizimwa siku nyingi. Asma alipiga mpaka kidole kikauma. Dada yake Jumaine kule Beni alipokea mara moja tu, akasema "Amefumbuka macho, shukuru Mungu," na mtandao ukakata. Halafu kimya. Na katika kile kimya akaingia Vagheni.

Vagheni alikuwa dereva wa Issaka. Alirudi kutoka Kampala na mzigo wa sabuni, akashuka kwenye lori mbele ya nyumba yao Butembo, akapewa chai, akacheka peke yake.

"Yule mugonjwa wenu nilimuona."

Asma akaruka. "Ulimuona wapi? Iko namna gani? Amelala?"

"Kulala? Alikuwa natembea inje, kwenye bustani ya hôpital. Mwanamuke moja wa nguo ya rose amemushika mukono hivi." Vagheni akajishika mkono wake mwenyewe kwa mapozi. "Banacheka. Mi nilipunguza mwendo nimusalimie, mais nikaona heri nisisumbue batu."

"Mutu wamefungua kifua anatembea anacheka?" Issaka akauliza polepole.

"Patron, mi nasema kile niliona."

Jumaine aliporudi, mwezi mmoja ulikuwa haujaisha tangu apasuliwe. Asma na Issaka walishuka Beni kumpokea. Nyumba ya dada yake katika commune ya Ruwenzori ilijaa jamaa. Wali na nyama vilikuwa vikinukia uani, watoto wamevalishwa nguo za Idi. Wote walikuwa wamejiandaa kupokea mtu wa kubebwa. Jumaine akashuka kwenye gari mwenyewe, begi begani, mashavu yamejaa, midomo ina rangi ya midomo ya watu.

Vigelegele vilianza, vikafifia.

"Onyesha basi," shangazi mmoja akasema baada ya chakula. "Tuone pale walikupasua."

Jumaine akacheka, akafungua vifungo vya shati. Kifua chake, pale katikati ambapo kila mmoja alitazamia kuona mshono kutoka kooni hadi tumboni, kilikuwa safi kabisa. Aliinua mkono wa kulia. Chini ya titi, kuelekea ubavuni, kulikuwa na kovu dogo lisilozidi urefu wa kidole.

"Walipitia hapa," alisema kwa furaha. "Katikati ya mbavu, na camera. Na kwenye muguu, juu huku, waliingiza mipira, mashine ikafanya kazi ya moyo wakati wao wanabadilisha. Hawakuvunja hata mufupa moja!"

Shangazi akaangalia kovu, akaangalia watu.

"Kuume?" aliuliza. "Mwanangu, moyo iko kushoto."

Mtu mmoja akacheka nyuma. Kicheko kile kiliingia ndani ya Asma kama maji ya moto. Aliziona zile dua zote, wale wazee waliolia, zile siku alizoshinda na njaa.

"Jumaine," Issaka akasema, sauti chini, "weye unauzishaka soupapes. Nimefungua moteur mingi katika maisha yangu. Nambia moja tu yenye walibadilisha soupape bila kutoa kifuniko ya juu."

"Mimi si moteur, yaya," Jumaine akasema, akimwita kwa heshima ya kaka mkubwa.

"Na mwanamuke wa nguo ya rose ni nani?" Asma akauliza.

Jumaine alimgeukia, na kosa lake la kwanza lilikuwa kucheka. "Nani? Nansubuga? Ni wa hôpital! Njo alikuwa nanifundisha kutembea tena!"

"Kufundisha kutembea. Mutu muzima."

"Asma."

"Kwa mukono. Munacheka. Na simu yako imekufa, mi nalala kwenye musala nikilia!"

Tabasamu likamtoka Jumaine usoni. Alifunga vifungo vya shati kimoja kimoja. "Walisimamisha moyo yangu," alisema. "Unasikia? Waliisimamisha. Nililala pale bila moyo kupiga. Nimerudi, na kitu ya kwanza unaniuliza ni mwanamuke?"

"Kitu ya kwanza nimeona ni uongo!"

"Karatasi za hôpital ziko kwenye begi. Ziko pale. Na sitakuonyesha hata moja! Kama nahitaji karatasi ili uniamini, basi bakia na karatasi, uolewe nayo!"

Asma alichukua mkoba wake akatoka. Njia nzima ya kurudi Butembo, kwenye vizuizi vya askari na kwenye mashimo ya barabara, uso wake ulikuwa dirishani.

Alimpigia kesho yake, akidhani amepoa. Hakuwa amepoa, na Jumaine naye hivyo hivyo.

"Sema tu ukweli, Jumaine. Nitakusamehe."

"Utanisamehe nini? Kupona?"

"Batu wanatucheka! Yaya Issaka hapiti tena mbele ya musikiti!"

"Donc unataka nipasuliwe tena, mara hii katikati, ili Issaka apite?"

"Usinifanye mwenye wazimu!"

"Mi sikufanye kitu. Weye njo unajifanya. Kwaheri."

Akakata. Asma akaifungia namba yake. Usiku akaifungulia. Asubuhi akaifungia tena.

Jumaine hakulala vizuri pia. Alivumilia siku chache, kisha akavaa shati lake jeupe, akapanda gari la asubuhi, akaja Butembo. Alikuwa na maneno yote tayari. Alipofika chini ya mlima wa soko aliangalia juu, akaanza kupanda, na njiani furaha ikamshika bila kutaka, kwa sababu pumzi ilikuwa inaingia na kutoka bila kukwama popote. Alipanda mpaka kwenye meza ya Asma bila kusimama.

Asma alimwona tangu mbali. Aliona zile hatua za mtu mwenye afya, na ubaya wa siku ile ni kwamba kile kitu alichokiomba kwa Mungu mwezi mzima kilimjia sasa kama ushahidi wa uongo.

"Mbona umepanda vile?" alisema kabla ya salamu. "Pumzi imetoka wapi? Ao hata ule ugonjwa ulikuwa wa kunidanganya? Ulitaka tu kukaa kwenye bazin yangu?"

Jumaine akasahau maneno yote aliyoyaandaa.

"Weye ni mutu mubaya, Asma," alisema. "Sikujua."

Issaka alikuwa akiteremsha marobota kwenye duka la jirani. Aliyasikia hayo tu, maneno hayo ya mwisho, yakisemwa kwa dada yake mbele ya soko. Alikuja kwa hatua tatu ndefu, akampiga Jumaine ngumi moja ya uso.

Ilikuwa ngumi ya kawaida, ya wanaume wanaogombana sokoni. Mtu hutokwa na damu kidogo, watu wakaamulia, yakaisha. Lakini damu ya Jumaine haikukoma. Ilitoka puani, ikamwagika kwenye shati jeupe, ikapita katikati ya vidole vyake. Asma akampa kitambaa, kikalowa. Akampa kingine.

"Inamisha kichwa," mtu akasema.

"Hapana," Jumaine akasema kwa shida. "Hôpital. Mi nakunywaka dawa... damu yangu haishikane. Asma, hôpital, upesi."

Ile "Asma" ndiyo iliyomwamsha. Aliacha meza wazi, akasimamisha pikipiki ya motari, akamkalisha Jumaine katikati, akapanda nyuma akimziba pua kwa mikono yake miwili, huku akimfokea dereva njia nzima kama kwamba yeye ndiye aliyepiga.

Hospitalini waliangukia mikononi mwa Docta Berthe, mwanamke mfupi mwenye miwani na hasira zisizopungua za Asma. Alimjaza Jumaine pamba na shashi puani, akamtoa damu ya kupima, akasikiliza maneno yake machache, kisha akageuka mlangoni ambako Issaka alikuwa amefika akihema.

"Nani alipiga huyu mutu?"

"Mi, Docta. Mais kidogo tu."

"Kidogo? Mutu amewekewa valve ya chuma ndani ya moyo, anakunywa dawa ya kulainisha damu ili ile chuma isizibe, na weye unamupiga kwenye pua unaniambia kidogo? Nikigandisha damu yake kwa nguvu, valve inaweza kuziba, anakufa. Nisipofanya kitu, anaendelea kuvuja. Umeniweka katikati, papa! Toka inje!"

Issaka alitoka kinyumenyume.

"Na weye mama ni nani yake?"

Asma alitazama mikono yake yenye damu. "Mi ni..."

"Fiancée yangu," Jumaine akasema kupitia pamba. Kisha akaongeza, "Alikuwaka."

Asma alimeza lile neno. Lakini alikuwa na swali, na hakujua kulinyamazia. "Docta, ni kweli walimupasua? Moyo iko kushoto. Kovu iko kuume."

Docta Berthe alimkodolea macho, kisha akavuta pumzi, akalifungua shati lenye damu. "Sikia. Moyo iko katikati ya kifua, inaelekea kidogo kushoto. Ule mulango wenye uliharibika, ukitokea kuume njo unauona uso kwa uso. Zamani tulikuwa tunapasua mufupa wote wa kifua. Leo kuko madaktari wanaingia katikati ya mbavu, na vyombo virefu, na camera. Kovu ni ndogo. Kazi ile ndani si ndogo. Sasa nyamaza, usikie weye mwenyewe."

Akafunga mlango. Kelele za korido zikabaki nje. Mwanzoni Asma hakusikia kitu. Kisha akasikia, bila chombo chochote, sauti ndogo kavu kutoka kifuani mwa Jumaine, kama ukucha unaogonga kioo. Tik. Tik. Tik. Ilikuwa ikienda mbio, kwa sababu mwenye moyo alikuwa na hasira.

Asma alikaa chini kwenye sakafu ya hospitali, bila kujali kitenge chake.

"Umesikia?" Jumaine akauliza. Hakuwa anamtazama. "Sasa unaamini. Chuma imesema, ukaamini chuma. Mi nilisema kwa mudomo yangu, ukakataa."

Damu ilikoma jioni. Walimweka mpaka vipimo viliporidhisha, kisha dada yake akaja akamchukua kwenda Beni. Asma alisimama kwenye lango la hospitali, na gari likampita.

Nyumbani aligomba na kila mtu. Alimwita Vagheni.

"Mi niliona tu," Vagheni akajitetea. "Sikusema ni mwanamuke wake."

"Mais ulicheka ukisema! Ulijishika mukono hivi!"

Alimgeukia Issaka, na Issaka hakujitetea. Alikaa kwenye kiti kidogo cha jikoni, mikono imelegea magotini.

"Karibu niue mutu, Asma."

"Na mi njo nilikupa sababu," Asma akasema, na hapo ndipo hatimaye akalia.

Alipiga simu, haikupokelewa. Akatuma jumbe za sauti, zilisikilizwa, hazikujibiwa. Mwishowe akamwambia kaka yake awashe lori.

Duka la Jumaine huko Matonge lilikuwa jembamba, filta zimening'inia darini, harufu ya grisi na raba mpya. Alikuwa akimhudumia fundi mmoja. Alipowaona wawili mlangoni, aliendelea kufunga kifurushi cha fundi kwa taratibu za makusudi.

Issaka alivua kofia. "Jumaine, nimekuya kuomba pardon. Nilisikia neno moja nikapiga. Ulipokuwa mbali nilikuombea, na ulipokuya karibu nikakupiga. Fanya kile unataka."

Jumaine akampa mkono. "Weye nimekusamehe, yaya. Ulipiga pua. Pua imepona."

Issaka alielewa, akarudi kwenye lori. Asma akabaki. Alikuwa amevaa kanzu ya kijani isiyo na pambo lolote, na macho yake hayakuwa ya mtu aliyekuja kupiga magoti.

"Nimekuya kugombana," alisema.

"Mi nilifikiri unakuya kuomba pardon."

"Nitaomba. Kwanza tugombane."

Fundi alikuwa amelipa, lakini hakuondoka.

"Uliniandikia maneno mawili ukazima simu," Asma akasema. "Sijui kama uko hai, sijui kama nivae nyeusi. Ulipoamka, ulipigia nani wa kwanza?"

"Yaya yangu, wa huku Ruwenzori."

"Wa pili?"

Jumaine akakuna shingo. "Muteja. Lori yake ilikwama Oicha, alikuwa nangoja pièce."

"Muteja! Ya pièce!" Asma akapiga meza, nati zikaruka. "Na mi ni wa ngapi?"

"Walinitia mupira kwenye koo, Asma! Sauti yangu ilikuwa ya mutoto. Muteja hana shida na sauti yangu. Weye ungesikia, ungelia, na mi ningelia, na kule kulia kulikuwa kunauma mbavu!" Alishusha pumzi. Aliposema tena, sauti ilikuwa chini. "Na kuko kitu ingine. Waliniambia nitakunywa hii dawa mpaka siku ya kufa. Kupimwa damu kila mara. Mizigo mizito, hapana. Nikafikiri, huyu ni mwanamuke wa nguvu, atakaa na mi juu ya huruma. Bora akasirike aende."

"Donc nilipokasirika ulifurahi?"

"Hapana! Njo kitu iliniuma! Nilitaka uende, ukaenda, nikataka kuvunja hii duka yote!"

Asma alimtazama. Hasira ilikuwa bado ipo usoni, lakini ilikuwa imebadilika mahali inapokaa.

"Miye sina huruma, Jumaine. Uliza soko nzima ya Butembo."

Fundi akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba alikuwa amewahi kununua kitambaa kwake.

"Pardon," Asma akasema. "Sikukuamini. Sasa nimesikia ile chuma, najua, na kuamini kwa sasa ni rahisi, haikusaidie kitu. Siwezi kurudi kwenye ile siku nikuamini pale mbele ya batu. Nimeikosa. Kitu naweza ni hii: siku ingine nitakasirika, kwa sababu mi nakasirikaka, mais nitakuuliza, na nitangoja jibu mpaka mwisho."

"Na mi nitajibu," Jumaine akasema. "Hata kama sauti ni ya mutoto."

Simu yake ikaanza kulia juu ya meza. Wote wawili wakaona namba ya Uganda, na jina: Nansubuga. Jumaine hakuigusa.

"Pokea," Asma akasema. Akageuka, akatoka nje, akasimama kwenye jua mbali na mlango, mahali ambapo mtu hawezi kusikia, mgongo wake umeelekea dukani. Alikuwa amekunja mikono kwa nguvu mpaka kucha zikamchoma. Lakini hakugeuka.

Jumaine aliongea kwa kifupi sana, akamfuata.

"Alikuwa nauliza kama natembea kila siku."

"Sikuuliza."

"Najua. Nimeona." Alisimama mbele yake, akawa hajui aweke wapi mikono yenye grisi. "Ijumaa yaya yangu na bajomba wanakuya kwenu, mambo ya mahari."

"Umeniuliza?"

"Njo nakuuliza."

"Hapana, umenipa programme. Kuuliza haiko vile."

"Asma! Mungu wangu! Utakubali nikuoe, ndiyo ao hapana?"

"Ndiyo! Na usinipigie kelele!"

Issaka, aliyekuwa ameketi ndani ya lori, alisikia mayowe tu. Aliruka chini mbio, kisha akakumbuka, akaja taratibu huku mikono ameificha mgongoni. Aliwakuta wamesimama karibu karibu, dada yake analia, Jumaine anamfuta machozi kwa kitambaa cha kufutia vipuri, na uso wa Asma wote umekuwa mweusi wa grisi. Fundi ndiye aliyempa habari.

Ndoa ilifungwa Butembo kabla ya Ramadhani. Wazee wa msikiti walikuja wote, na yule shangazi wa Beni, aliyeambiwa na Docta Berthe kwa simu moyo unakaa wapi, alikuwa wa kwanza kupiga vigelegele. Asma alifungua meza ya vitambaa Matonge, jirani na duka la mumewe, akaanza kuwakemea wateja wa Beni kama alivyowakemea wa Butembo.

Kila inapofika zamu ya kupima damu huenda pamoja. Siku moja walikuwa wakingoja kwenye benchi la maabara wakibishana: Jumaine alikuwa amebeba katoni ya vipuri, ndogo tu, alisema, Asma alisema aliiona, haikuwa ndogo. Sauti zilipanda mpaka muuguzi kijana akatoka, akawatazama kwa wasiwasi, kwanza mmoja, halafu mwingine.

"Papa, mama, kuko shida?"

Asma alimgeukia akiwa bado ameushika mkono wa mumewe.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Tuko muzuri. Tunaongea tu."